Baba Mwenye Nyumba

Jamani, nimehamia kwangu. Chanika, pembezoni mwa Dar. Ukishuka kwenye daladala unapanda bodaboda, bodaboda ikikwama kwenye mchanga unamalizia kwa mguu, viatu mkononi. Lakini kwangu.

Miaka tisa nimepanga Tandika. Kila baada ya miezi sita nalipa kodi kwa mkupuo huku naapa kwamba nikijenga nitalala usingizi. Usingizi wenyewe ndio huu: dari bado, bati za msauzi ziko uchi juu yangu. Jua likiwaka zinalia pa! pa! kama mtu anatembea juu, usiku zikipoa zinaanza upya. Siku ya kwanza nilitoka na panga. Na nyumba isiyo na dari haina siri. Mtoto akipiga chafya chumba cha mwisho, tunampa pole tukiwa kitandani. Mimi na mama watoto mambo yetu tunaandikiana meseji.

Vioo navyo bado. Dirisha la sebuleni tumetundika kanga, imeandikwa "Hasidi hana sababu". Upepo ukivuma inajifunua barabarani, maandishi yote nje. Jirani wa mbele amenuna wiki ya pili sasa. Nimwambieje kwamba hilo si fumbo, ni pazia?

Bomba la jikoni likaanza kudondosha. Fundi akasema ni washa tu, kile kimpira cha ndani, bosi, mia tano. Akapasua ukuta, akang'oa vigae vinne, kisha akasema hapo sasa anatakiwa fundi vigae. Fundi vigae ni shemeji yake. Washa bado haijanunuliwa.

Halafu kodi ya jengo. Nilipokuwa mpangaji nilipiga kelele sana: kwa nini mnanikata 1,500 kwenye umeme wa LUKU kila mwezi wakati jengo si langu? Nilikuwa na hoja, hata kijiweni walinipigia makofi. Sasa wananikata ileile na hoja sina.

Mke wangu ndiye anafaidi. Zamani nilikuwa baba fulani, siku hizi naitwa "baba mwenye nyumba", tena kwa sauti ya mpangaji mwenye madai. Baba mwenye nyumba, kitasa kimebaki mkononi. Baba mwenye nyumba, mchwa wamefika kwenye fremu. Baba mwenye nyumba, simtanki ni kavu, boza wanasema njia yetu hawaingii.

Juzi usiku wa manane mvua imeshuka, bati likavuja sawasawa na mto wangu. Nikapapasa simu gizani, mkono wenyewe ukampigia mzee wa Tandika. Miaka yote ile alikuwa anapatikana tarehe za kodi tu. Safari hii kapokea mlio wa kwanza.

"Mzee, nyumba inavuja."

Kimya. "Kwani wewe si ulihama?"

"Nilihama, mzee."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Basi fanya kama mimi, mwanangu. Zima simu."

Nizime simu vipi, mpangaji mwenyewe amelala ubavuni kwangu na beseni kashanishikisha?