Shemeji, Hilo ni Bango

Jumapili shemeji yangu alinitumia picha ya ofisi yake mpya huko Ntinda, hapa hapa Kampala. Meza ya kioo, kiti cha kuzunguka, na ukutani juu ya kiti, mchoro wangu. Sisemi mchoro unaofanana na wangu. Nasema ule ule ulioko sebuleni kwangu, alioupiga picha siku ya Idi akisubiri pilau, nami nikadhani anajipiga mwenyewe kama kawaida yake. Kumbe aliipeleka picha hiyo Nasser Road, mtaa wa wachapaji, wakamchapia kwenye plastiki ya mabango. "Elfu arobaini tu," akaandika, "na wamenifutia lile doa la pembeni." Kisha vikaragosi vitatu vya kucheka.

Lile doa la pembeni ni dole gumba la mchoraji.

Nilinyamaza siku tano. Dada yangu aliniomba niendelee kunyamaza, lakini koo likaniwasha.

Mchoro ule niliulipia kwa mafungu sita, laki moja kila mwisho wa mwezi. Mchoraji ana chumba kimoja Bunga, kinanuka mafuta ya taa na chai ya tangawizi. Kila nikienda kulipa nakuta ameuchokonoa tena. Mwezi wa pili ameongeza zambarau chini ya ndoo. Mwezi wa nne, yule mama aliyekuwa ameketi mbele ya kibanda cha ndizi hayupo, kimebaki kigoda chake. Nikawaka. Nimeshalipa laki nne, mama yangu yuko wapi? Akaendelea kufuta brashi yake bila haraka. "Wewe ulilipia mama au ulilipia picha? Picha imemkataa."

Nilimchukia wiki nzima. Ila sasa ukija kwangu saa kumi jioni, jua likiingia kwa dirisha la upande wa Kibuli, ukasimama ubavuni mwa ule mchoro badala ya mbele yake, utamwona. Rangi ya mafuta ikishakauka haifutiki kwa urahisi, inafunikwa tu. Mgongo wake umevimba chini ya kahawia ya ukuta, na bega moja, na fundo la kitambaa kichwani. Jua likishuka anaondoka. Nimeishi na huyo mama miaka mitatu na bado kuna siku namsahau, halafu napita na kikombe cha chai, naye ananishtua.

Simu haimpigi picha huyo. Nimejaribu, kwa taa na bila taa. Kwa hiyo shemeji ametundika kigoda kitupu na wala hajui nani alikikalia. (Na nyuma ya turubai langu kuna jina, mwaka, na hesabu ya deni langu kwa penseli, fungu kwa fungu. Nyuma ya lake kuna gundi.)

Haya, najua mtaniambia nini. Simu imewainua wachoraji. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande. Huyo huyo wa Bunga ameuza kazi mbili kwa mtu wa Toronto ambaye hajawahi kukanyaga vumbi letu, na kodi ya chumba imelipwa kwa hizo. Zamani angengoja mzungu wa shirika apite, anunue, mkataba wake uishe, na mchoro upande ndege pamoja naye. Zimetutoka nyingi kwa njia hiyo. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, ana mchoro wa 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Uko New York, kwenye jumba la sanaa la MoMA. Mimi New York nitaiona kwa kioo cha simu, na kwa hilo naishukuru simu. Ntiro huyo huyo ndiye aliyemshika mkono Jak Katarikawe, dereva kutoka Kigezi, hapa Uganda, ambaye hakuwa na darasa lolote la uchoraji. Ng'ombe wa ndotoni aliowachora walivuka mpaka pamoja naye, akaishi Nairobi na kufia huko mwaka 2018. Ukitaka kumwona dereva wetu, kata tiketi ya basi.

Walio mbali nimewasamehe. Hawa wa karibu tunawakwepa kwa sababu gani? Jumba la sanaa la Makerere liko pale pale chuoni. Mtu wa Wandegeya anapita langoni kila siku kwenda kula chipsi. Nommo, jumba la sanaa la taifa lililoanzishwa 1964, liko Nakasero. Mwaka 2022 Uganda ilipoingia kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, na banda lake kwa mara ya kwanza, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo wakarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima, makundi yote ya WhatsApp niliyomo yalipasuka kwa bendera. Hata kundi la mazishi. Wiki iliyofuata nikauliza kwenye kundi la wanaukoo, nani twende naye kutazama sanaa Jumamosi, tena karibu tu, Kampala hii hii? Wawili walijibu. Mmoja aliuliza kama kuna nyama choma.

Na kazi ya Kerunen ni ya kusuka! Majani, nyuzi, mikono ya akina mama. Mtu aliyekulia juu ya mkeka anajua kwamba mkeka una harufu, na una upande unaokwaruza. Utaupendaje kwa kidole kwenye kioo?

Habari za haki ya mchoraji wa Bunga katika bango la shemeji nawaachia mawakili. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza jambo moja tu: "Zambarau imetoka vizuri?" Haikutoka. Imetoka bluu.

Jana usiku nimemjibu shemeji hatimaye. Nimemwandikia aje Ijumaa, saa kumi kamili, jua likiwa bado lipo, kuna mtu nataka amwone. Na simu aiache kwenye gari.

Amejibu baada ya dakika mbili: "Sawa shem. Pilau lipo?"