Meditesheni ihukumiwe kwa kazi yake

Meditesheni, zoezi la kukaa kimya na kufuatilia pumzi, ikitajwa kwetu, majibu huwa mawili. La kwanza: hayo ni mambo ya Wahindu na Wabudha, muumini hayamhusu. La pili: hayo ni mambo ya watu waliokwisha kushiba, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni Kariakoo hana nafasi ya kukaa kafumba macho. Majibu yote mawili yana uzito wake na nitayarudia. Tatizo ni kwamba wengi wanabishana na picha waliyoiona kwenye simu, ya mtu aliyekaa ufukweni jua likizama, na picha hiyo haina uhusiano mkubwa na kinachofanyika kwenye madarasa ya hospitali.

Huko hospitalini meditesheni ni kazi, tena ya kuchosha. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mpango wake mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, alianza na wagonjwa wa maradhi sugu, wakiwemo wenye maumivu ambayo tiba ya kawaida haikuyamaliza. Yeye alijifunzia kwa Wabudha, ila darasani aliacha ibada akabakiza zoezi: wiki 8, darasa la saa mbili na nusu kila wiki, na takribani dakika 45 nyumbani kila siku. Unakaa mgongo wima, unafuatilia pumzi inavyoingia puani na kutoka. Kabla ya pumzi ya tano umeshaondoka, uko kwenye kodi ya nyumba, unakumbuka mwenye nyumba alivyokujibu juzi na unapanga ungemjibu nini. Unashtuka, unarudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Pumzi tatu, umeondoka tena, safari hii ni ada ya mtoto. Wengi wakifika hapa husema “mimi siwezi, akili yangu haitulii,” wakaacha. Wameacha katikati ya zoezi lenyewe, maana kuondoka, kugundua na kurudi ndicho kinachofanyiwa mazoezi.

Je, linasaidia? Kuna utafiti mmoja ambao nadhani haujapewa uzito unaostahili. Ulichapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Psychiatry na Elizabeth Hoge na wenzake. Watu wazima 276 waliothibitishwa kuwa na maradhi ya wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa escitalopram, dawa inayoandikwa sana kwa maradhi hayo, jingine likaingia darasa la wiki 8. Ukali wa ugonjwa ulipimwa kwa alama 1 hadi 7, na waliopima hawakujua nani yuko kundi gani. Mwanzoni makundi yote mawili yalikuwa karibu 4.5. Baada ya wiki 8 kundi la dawa lilikuwa limeshuka kwa 1.43, la meditesheni kwa 1.35.

Tofauti ya 0.08. Tusiikuze namba hii wala kuipunguza. Haisemi meditesheni inaishinda dawa. Wala hapakuwa na kundi lililoachwa bila tiba, kwa hiyo haituambii ni kiasi gani cha nafuu hiyo kingekuja na muda wenyewe. Na washiriki walijitolea, walikuwa radhi kupangiwa lolote kati ya mawili. Hata hivyo dawa hii imeshapita majaribio mengi, hakuna daktari anayeiita anasa ya matajiri, na zoezi la kukaa na kupumua limefika karibu sana nayo. Kwenye maudhi pia kulikuwa na pengo: karibu watu 79 katika kila 100 waliokunywa dawa walipata angalau usumbufu mmoja uliohusishwa na tiba, dhidi ya 15 katika kila 100 wa darasani. Kwa mgonjwa ambaye dawa inamkosesha usingizi au inamtia kichefuchefu mpaka anaificha chini ya mto, habari hii ni kubwa.

Bei yake, hata hivyo, ni muda. Kidonge humezwa kwa sekunde chache. Dakika 45 kila siku kwa mama mwenye watoto watatu na genge la kufungua ni bei nzito, na hapo wanaosema “ni ya wenye nafasi” wamegusa palipo na ukweli.

Wana silaha nyingine pia. Mapitio ya tafiti 47 zenye washiriki 3,515, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hayakupata ushahidi kwamba meditesheni inapita mazoezi ya viungo au dawa. Nchini Uingereza ilijaribiwa kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 84, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha faida kuliko masomo ya kawaida. Kulikuwa na dalili kwamba huenda baadhi ya watoto waliokuwa tayari hatarini waliathirika kidogo. Wengi wa wanafunzi waliofundishwa hawakufanya zoezi nyumbani. Siitumii hiyo kama kisingizio, maana tiba isiyofanywa na walengwa ni tiba iliyoshindwa kwa walengwa hao. Lakini inanifanya niamini kwamba faida iko kwenye kurudiarudia, na kuilazimisha kwa mtoto ambaye hakuiomba ni njia mbaya ya kuieneza. Halafu yapo madhara: mapitio ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 83 yalikuta takribani asilimia 8 ya watu walipata matukio mabaya, hasa wasiwasi na sonona. Wauzaji wa programu za simu za meditesheni kwa kawaida hawayatangazi.

Kuhusu dini, nina maneno machache. Anayekataa kuchanganya ibada yake na ya wengine ana haki hiyo, na asisukumwe. Ila kutulia na kukusanya moyo hakukuingia huku kwa njia ya intaneti. Watu wa twarika ya Kadiria wamekaa kwenye dhikri katika pwani hii kwa vizazi. Wabenedikto, watawa Wakatoliki wa Peramiho na Ndanda, husoma maandiko polepole na kunyamaza nayo, kama shirika lao lilivyofanya kwa karne nyingi. Makusudio yao ni Mungu, si kushusha wasiwasi, na tofauti hiyo lazima iheshimiwe. Lakini aliyezoea kukaa hivyo hatashangazwa na kinachofundishwa kwenye yale madarasa.

Hoja inayonisumbua kuliko zote ni nyingine. Mwajiri anayechelewesha mishahara kisha akaleta mwalimu wa kupumua anawakosea wafanyakazi wake mara mbili. Kinachodaiwa pale ni mshahara, na meditesheni ikitumiwa kuwanyamazisha watu nitakuwa wa kwanza kuipinga. Ila anayedai haki yake naye hulala saa tisa usiku akilihesabu deni lilelile kwa mara ya ishirini, asubuhi anaamka hajapumzika na deni liko palepale. Sioni kwa nini tumnyime kitu kinachoweza kumpunguzia usiku huo wakati bado anadai.

Darasa la wiki 8 halihitaji kitanda wala duka la dawa. Linahitaji chumba, mwalimu aliyefunzwa anayejua kumtambua mtu anayezidiwa, na kundi linalokutana kila wiki, jambo ambalo wanavikoba na jumuiya ndogondogo wamelizoea tayari. Aliye kwenye dawa asiziache bila kumwona daktari, na anayesikia sauti au anayewaza kujidhuru aende hospitali kwanza. Kwa waliobaki, wenye wasiwasi wa kila siku usiowaachia, ningependa vituo vyetu vya afya vijaribu darasa hilo kwa Kiswahili, vipime matokeo kwa uangalifu uleule, na vianze na dakika 15 kwa wale ambao 45 hawana.