Muue Joka, Lakini Osha Sufuria

Mzazi wa Nairobi hujipanga mapema. Mimi nilikuwa nimejipangia kamari ya simu, muguka, na ile siku kijana atanitazama usoni aseme anataka kuwa makanga. Hotuba zote ziko kichwani, nyingine na mistari ya Biblia. Sasa Brayo akaleta nyumbani dadu yenye pande 20. Hotuba ya hiyo sina.

Mimi dadu naijua kama njia ya kupoteza nauli. Nikamketisha.

"Unacheza pata potea?"

"Hapana, Baba. Ni Dungeons & Dragons."

Eti mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu wa kubuni, mmoja anasimulia yanayotokea, na dadu ndiyo inaamua kama umefaulu au umeumia. Nikauliza, nani hushinda? Hakuna. Unaisha saa ngapi? Hauishi, wanaahirisha hadi Jumamosi ijayo. Kumbe ni kama kesi ya shamba!

Basi kila Jumamosi vijana watano wako kwangu hapa Umoja, meza imejaa karatasi walizochapisha saiba kwa pesa zangu, na mkate unaisha kabla joka halijafika. Mama Njoki wa ghorofa ya tatu akapita kwenye ngazi, akamsikia mwanangu akipaza sauti: "Naziita roho za ulinzi zinizunguke!" Hata hakubisha. Alipanda moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la maombi, na kufikia jioni tulikuwa tumefungiwa mfungo.

Simlaumu. Sisi tumekulia Kenya iliyoundiwa tume nzima na Rais Moi mwaka 1994, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiwa mwenyekiti, ichunguze ibada za shetani. Hofu ya namna hiyo haitoki mwilini kwa panadol. Lakini Brayo alikuwa na majibu tayari: mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, na wazazi wa huko nao walishikwa na kiwewe hicho hicho miaka ya themanini, hadi mwaka 1983 kukaundwa shirika la kuupinga. Tarehe zote, bila kusoma popote. Huyu ndiye aliyeandika kwenye mtihani kwamba Kenya ilipata uhuru 1936.

Shetani hanisumbui mimi. Kinachoniuma ni huyo mtu ambaye Brayo anajifanya. Ni kasisi. Kasisi! Kila asubuhi ya mchezo ni lazima aombe kwanza ndipo apate nguvu za kuponya watu, na anaomba bila kuamshwa. Wangu mimi wa hapa nyumbani huburutwa kanisani na jina la Bwana likitajwa ameshalala. Yule wa mchezoni ndiye mweka hazina wa kikosi, anajua sarafu 10 za shaba ni moja ya fedha, 10 za fedha ni moja ya dhahabu, na zote zimeandikwa kwenye daftari bila kufutwafutwa. Wangu nikimtuma unga na noti ya 500, chenji huyeyuka kati ya duka na mlango.

Halafu mapato. Wameua zimwi, wakalipwa dhahabu 300 hapo hapo. Nikauliza imekatwa ngapi. Wakanitazama. Hakuna 2.75% ya bima ya afya SHIF, hakuna tozo ya nyumba ya 1.5%, hakuna NSSF. Na ukijeruhiwa karibu kufa, unalala masaa manane, unaamka mzima kabisa. Jameni! Mimi nalala, naamka saa kumi na nusu nikimbilie matatu, nauza vipuri Kirinyaga Road siku nzima, na kila asubuhi nimepungua kuliko nilivyolala.

Nikaamua kutumia akili. Msimulizi wao, wanayemwita Dii-Emu, ni binti mpole wa ploti ya jirani, na kwenye mchezo neno lake ndilo la mwisho. Nikamngoja kwenye ngazi na soda mbili na mandazi.

"Mama, huko kwenye hadithi yenu hakuna mahali pa kuosha sufuria?"

Akayatazama mandazi. "Nitaona, Anko."

Binti ana heshima ya makubaliano. Jumamosi iliyofuata kikosi kikafika kwenye nyumba ya wageni, mwenyewe akakataa katakata kuwaonyesha njia ya mlimani mpaka kasisi amalizie sufuria zote za jikoni. Mimi nimejificha nyuma ya gazeti, moyo unadunda. Brayo akafikiri. Akafungua daftari la hazina, akahesabu, akasema: "Nampa mwenye nyumba dhahabu mbili asahau mambo ya sufuria."

Akarusha dadu. Ikaanguka 20. Kikosi kizima kikapiga kelele, kikaonyeshwa njia, kikaondoka.

Mama Brayo akatoka jikoni, povu mpaka viwikoni, akasimama mbele ya gazeti langu akataka kujua mtoto huyu amejifunzia wapi kuhonga.

Nikamwambia ni huo mchezo.