Mvua Inanyesha, Nasi Tunanunua Maji

Wiki iliyopita mvua ilipiga Kisauni, hapa Mombasa, tangu alfajiri, ile mvua ya Mei inayokuja na kusi na kufunga njia zote. Pale Mlaleo barabara haikupitika, tuktuk zilizima katikati ya maji, watoto wa shule wakabebwa mgongoni. Katikati ya hali hiyo akapita kijana na mkokoteni wa mitungi, maji yamemfika magotini, anauza maji. Na wanunuzi walikuwepo. Mama mmoja alifungua mlango, akatoa shilingi 100, akashushiwa mitungi miwili. Juu ya kichwa chake paa la mabati lilikuwa likimwaga maji pande zote mbili, yanateremka kwenye mtaro, mtaro umejaa, na kutoka mtaroni yanarudi kuingia ukumbini kwake.

Tangu siku ile nina hasira, na si kwa yule kijana wala kwa yule mama. Kijana anatafuta riziki, na mama ana watoto wa kuogesha na sufuria la kubandika. Nawakasirikia wenye mapaa makubwa katika mitaa yetu: kamati za misikiti na makanisa, shule, zahanati, wenye majumba ya kupangisha, na kaunti yenyewe. Tunaacha maji safi yapotee baharini, halafu jioni tunakaa barazani kulalamika kwamba mfereji haujatoa tone tangu Ijumaa.

Kila Mmombasa anajua kwamba mji huu hauna maji yake. Ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Ya Marere na Tiwi yanatoka Kwale. Ya Baricho yanatoka kando ya Mto Sabaki, kule Kilifi, na pampu zake zinakwenda kwa umeme, kwa hivyo umeme ukikatika kule, mitungi inapanda bei huku. Hakuna chanzo hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya Kaunti ya Mombasa. Hata Bwawa la Mwache, ambalo tunaambiwa tulingojee, liko Kwale. Sipingi bwawa. Lijengwe, likamilike, maji yafike. Lakini mtoto aliyezaliwa tulipoanza kuahidiwa bwawa hilo sasa anatumwa yeye kwenda kuchota.

Visima tunavyo, na ladha yake tunaijua. Vya karibu na bahari vina chumvi, na vya mitaani vimepakana na vyoo vya shimo kwa sababu viwanja ni vidogo na nyumba zimebanana. Kila mara kipindupindu kinapozuka tunaambiwa tutie dawa kisimani, tunatia, kikipungua tunasahau.

Waliotangulia walilijua tatizo hili. Nenda Fort Jesus uangalie lile birika ambalo Wareno walilijenga kukinga maji ya mvua, na kile kisima kilichochimbwa baadaye, chenye kina kirefu sana na maji ya chumvi yasiyofaa ila kwa kuoshea. Mtu anayejenga ngome anafikiria kuzingirwa, na anayefikiria kuzingirwa anafikiria maji kabla ya risasi. Na misikiti ya zamani ya pwani hii, kuanzia huku hadi Lamu, ina mabirika. Wazee wetu walikuwa wakitia hata samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Kuhifadhi maji ni kazi ya kwetu, tena ya zamani.

Sasa hesabu, maana watu wengi hudhani maji ya mvua ni ya ndoo mbili za kufulia. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Chukua jengo la kawaida la madarasa, urefu mita 30 na upana mita 8, yaani mita 240 za mraba. Mvua ya siku moja ya milimita 30, ambayo kwa masika si mvua ya kushangaza, inaangusha lita 7,200 juu ya paa hilo. Toa sehemu ya tano ya kumwagika na kuoshea paa, zinabaki kama lita 5,700. Hiyo ni mitungi zaidi ya 280 ya lita 20, kwa mvua ya siku moja, kwenye paa moja. Hata kwa bei ya shilingi 30 kwa mtungi, si ile 50 aliyotoa yule mama siku ya mvua, ni zaidi ya shilingi 8,000 zilizoingia mtaroni. Kwa mwaka mzima paa hilohilo linaangukiwa na lita 240,000. Shule nyingi zina majengo kama hayo matatu au manne.

Kuna wanaosema kila mtu anunue tangi lake aweke kwake. Kwa mwenye nyumba Nyali au Kizingo, sawa, na ashukuru. Lakini wengi wetu ni wapangaji. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina familia sita, paa ni la mwenye nyumba, uani kuna nafasi ya choo na kamba ya nguo basi. Mpangaji hawezi kupigilia gata ya kukinga maji kwenye paa lisilo lake, na akilipigilia, kodi ikipanda mwaka ujao anahama anaacha jasho lake pale. Kumwambia mtu wa namna hiyo avune maji ya mvua peke yake ni kumtupia mzigo asioweza kuubeba. Ndiyo maana nasema tuanze na mapaa ya watu wote.

Na hili nimeliona linawezekana. Kuna msikiti mmoja huku Kisauni, si mkubwa, ambao kamati yake iliamua kuyaelekeza maji ya paa lote kwenye birika la chini ya ardhi na matangi mawili ya plastiki ya lita 10,000 kila moja. Nje ya ukuta, upande wa barabara, waliweka mifereji mitatu. Si lazima uwe mwislamu kuchota, na jirani zao wa kanisani wamo kwenye foleni. Hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri na tena baada ya alasiri, na kwa mtungi unatoa shilingi 5, ambazo ni za kununulia dawa na kumlipa fundi. Wajane na wagonjwa hawatoi kitu.

Nilikwenda kumuona mzee anayelitunza birika lile. Nilimkuta juu ya ngazi, anakagua gata baada ya mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Shika ngazi hiyo nishuke, kisha nikuonyeshe."

Akanionyesha bomba lililosimama wima ukutani, limeunganishwa kabla ya lile linalokwenda birikani, na chini limefungwa kwa kizibo. Mvua ikianza, maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yanateremka humo. Bomba likishajaa, yanayofuata ndiyo yanayopita kwenda birikani. Mvua ikikatika yeye anafungua kizibo, uchafu unamwagika kwenye migomba, anakifunga tena. Kizibo kilikuwa kikivuja, akakikatia duara la mpira kutoka kwenye ndara kuukuu, na sasa hakitoi hata tone.

"Maji ya kwanza ni ya kuosha paa," akaniambia. "Hayana haki ya kuingia birikani."

Akanifahamisha pia kwa nini gata zao ni za plastiki: za bati hapa kwetu zinaliwa na chumvi ya bahari, kutu inaanza kwenye viungo na kabla hujajua maji yote yanapita ukutani. Na kwa nini fundi alipima kwa uzi, kila mita moja gata ishuke sentimita moja, ili maji yasitulie yakazaa mbu. Haya yote hayahitaji mhandisi kutoka nje. Yanahitaji fundi wa bomba anayeifahamu kazi, na mtu mmoja mwenye imani ya kupanda ngazi.

Huyo mtu mmoja ndiye anayekosekana kwingi. Nimeona shule ng'ambo ya Likoni yenye tangi kubwa zuri lenye jina la mfadhili kwa rangi ya buluu. Gata ziko upande mmoja wa paa, bomba limechomoka, na mfereji umeng'olewa ukauzwa chuma chakavu. Walipiga picha siku ya kukabidhi wakaenda zao. Hakuna aliyekabidhiwa ufunguo, hakuna daftari, hakuna aliyeambiwa kwamba likiharibika ni yeye wa kuulizwa. Watoto wa shule hiyo wanakuja na chupa za maji kutoka nyumbani, na wasio na chupa wanaomba. Hili liliniuma kuliko ile mvua ya Mlaleo.

Maoni yangu ni kwamba ufunguo wa tangi la mtaa upewe vyama vya akina mama. Wao ndio wanaoamka saa kumi kungojea mfereji, wao ndio wanaojua mtungi umepanda lini na kwa nini, na tayari wana daftari la chama ambalo shilingi ikipotea inatafutwa usiku huohuo. Mzee wa mtaa awe shahidi, imamu au mchungaji awe shahidi, lakini ufunguo uwe kwa mama.

Wapo watakaosema maji ya mvua hayatoshi mwaka mzima. Ni kweli, nakubali. Kuanzia Januari hadi Machi mbingu zinafunga, na tangi la lita 10,000 halitavuka kiangazi. Mzima na Baricho bado tutazihitaji. Lakini miezi ya masika na ya vuli ikitupunguzia foleni na gharama, hiyo ni karibu nusu ya mwaka, na pesa ya mtungi inabaki kwa ada ya shule.

Wapo pia watakaohofia mbu, nalo ni neno la haki. Homa ya dengi imetupiga hapa zaidi ya mara moja, na mbu wake anapenda maji yaliyotulia karibu na watu. Tangi liwe na kifuniko kinachobana na wavu kwenye kila tundu, bomba la kutolea maji yanayozidi nalo likiwa na wavu. Ndoo zilizoachwa wazi uani ni hatari kubwa kuliko tangi lililofunikwa. Kwa upande wa Changamwe na Jomvu, ambako moshi wa malori na vumbi la viwanda vinatua juu ya mabati, maji hayo yawe ya kufulia, kuoshea na chooni. Ya kunywa popote yachemshwe au yatiwe dawa. Na mapaa ya zamani ya asbesto yasikingwe kabisa maji ya kunywa.

Vijijini ni shida hiyohiyo yenye uchungu zaidi. Ukipanda Kinango, kule Kwale, wakati wa ukame unakutana na wasichana wana mitungi kichwani saa za darasa, wanakwenda kwenye bwawa la udongo wanalonywea na ng'ombe. Nyumba nyingi kule ni za makuti au nyasi, hazikingi maji mazuri, lakini shule zina mabati na makanisa yana mabati. Paa la shule likikingwa, msichana anarudi nyumbani na mtungi aliojaza shuleni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya maji safi na salama kwa kiwango cha kutosha.

Katiba hiyohiyo imewapa magatuzi chekechea, zahanati na masoko. Kwa hivyo kaunti ina mapaa yake yenyewe, haihitaji kumuomba mtu. Mapaa hayo iyawekee gata na matangi kwanza, kuanzia zahanati, mahali ambapo mama anajifungua na muuguzi anatafuta maji ya kunawa mikono. Na jengo jipya la kupangisha lisipitishiwe ramani bila mahali pa kukingia maji ya paa. Bermuda, kisiwa kisicho na mto kama chetu, kila nyumba hukinga maji yake kwa sheria.

Bajeti mpya inaanza Julai, na kabla haijapitishwa wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mimi nakwenda na hesabu ya mita za mraba za paa la zahanati yetu na la chekechea iliyo nyuma yake, bei ya gata na tangi niliyoulizia dukani, na majina ya akina mama watatu waliokubali kushika ufunguo. Wa wadi nyingine mpime mapaa yenu kabla ya kwenda. Ukiingia mkutanini na hesabu mkononi, ni vigumu kukujibu kwa ahadi.