Windows au Linux: Kisumu Bei Si Hoja

Wanaolinganisha Windows na Linux, mifumo miwili ya kuendesha kompyuta, huanza na pesa: huu unalipiwa, ule ni wa bure. Hapa Kisumu hoja hiyo ni nyepesi. Laptopu ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, inayouzwa Oginga Odinga Street au Kondele huwa na Windows tayari, na wateja wachache huuliza leseni imetoka wapi. Mara nyingi fundi ameifungua Windows hiyo bila leseni, kwa kiprogramu alichopakua mtandaoni. Kwa hiyo mnunuzi hupata mifumo yote miwili bila kulipa. Mmoja kwa ridhaa ya waliouunda, mwingine kwa wizi. Na hicho kiprogramu cha kufungulia, nani anajua kimebeba nini?

Suala zito ni umri wa mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata masasisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mitumba zenye i5 ya kizazi cha nne au cha sita zimefungiwa nje, ingawa bado zina nguvu. Kuna ujanja wa kukwepa masharti hayo, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuzisasisha. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa upande wake, inahitaji RAM ya GB 2 tu, japo GB 4 ndizo zinazofaa, na toleo lake kuu husasishwa kwa miaka mitano. Hapa sioni mjadala: mashine ya aina hiyo ni ya Linux.

Mjadala unarudi Juni, makataa ya ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, yanapokaribia. Mfanyabiashara mwenye fomu ya Excel iliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, hataki kusikia habari za programu huria, na ana haki, kwa sababu LibreOffice, programu huria inayochukua nafasi ya Excel, hufungua hesabu za kawaida vizuri lakini makro za Excel huisumbua. QuickBooks, programu ya uhasibu, ile ya kusakinisha kwenye kompyuta haina toleo la Linux. Photoshop pia haina. Mwenye studio ya picha au mhasibu anayekula kwa programu hizo anunue leseni halali ya Windows, yaishe.

Halafu kuna fundi. Windows ikigoma, kila mtaa una kijana wa kuitengeneza. Linux ikigoma, huenda ukaambiwa, "Hii tuitoe, tukuwekee Windows." Hilo linaitesa Linux kuliko kasoro zake zenyewe, na wanaoipigia debe hulipuuza mno. Shule yenye mwalimu mmoja anayeielewa itafaidi maabara nzima kwa kompyuta kuukuu, na virusi vya Windows vinavyosambaa kwa flashi havitawika humo. Akihamishwa mwalimu huyo, ni hadithi nyingine.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anayeandika insha, kutazama video na kutumia barua pepe, ningesema Mint bila kusita. Aiweke kwanza kwenye flashi na kuiendesha kutoka hapo, bila kufuta chochote, ajaribu Wi-Fi, sauti na printa. Printa nyingine hukataa.