Nyungunyungu wa chaki hatoshi

Mpwa wangu yuko darasa la nne hapa Dodoma. Daftari lake lina mchoro safi wa nyungunyungu, alama zote kapata. Mwezi Machi, mvua ilipokatika, nyungunyungu mwenyewe akajitokeza kando ya tuta la mchicha. Mtoto akaruka: “Mjomba, nyoka!”

Sikumlaumu. Aliyefundishwa ni wa chaki.

Tulimlaza juu ya karatasi kavu, nikamwambia mtoto anyamaze, asogeze sikio. Akasikia mkwaruzo mwembamba mno: ni vinywele vigumu vya tumboni, ambavyo nyungunyungu hujishikizia ardhini akijivuta. Akapitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, akahisi vinakwaruza. Hofu ikaishia hapo, maswali yakaanza. Macho yako wapi? Hana, tulipommulika tochi alijikunja, maana ngozi yake hutambua mwanga. Pua je? Hupumua kwa ngozi hiyohiyo, mradi iwe na unyevu, kwa hiyo tulimrudisha upesi kwenye tope.

Kwa maoni yangu, somo hili linaifaa Dodoma kuliko mahali penye rutuba tele. Huku mvua ni Desemba hadi Aprili, basi. Nyungunyungu hapatikani hovyo, lazima mtoto ajiulize yuko wapi na kwa nini. Tulichimba mahali pawili: kwenye migomba, chini ya bomba linalovuja, tukapata saba. Uani panapofagiliwa kila siku, hata mmoja. Udongo mgumu kama tofali.

Hapo nina ombi kwa walimu. Najua madarasa yamejaa na maabara hakuna. Lakini kila asubuhi watoto wanafagia uwanja wa shule, majani yanachomwa, na hicho ndicho chakula cha nyungunyungu. Acheni kona moja isifagiliwe, iwekwe samadi iliyooza na ndoo ya maji mara mojamoja. Kisha kateni chupa ya maji juu, mpange mchanga, udongo mweusi, tena mchanga, nyungunyungu watatu na majani, mfunike kwa kitambaa cheusi. Muwe mnanyunyizia maji kidogo. Baada ya wiki mbili tabaka zitakuwa zimechanganyika, na watoto wataona shamba likilimwa bila jembe.

Chupa ya mpwa wangu iko chini ya kitanda. Jana aliuliza kama nyungunyungu akikatwa katikati anakuwa wawili, kama wasemavyo wenzake. Nikamwambia hapana, kipande cha mkia hufa. Akasema kesho atawaambia wasimkate.