Bima ya "ghala hadi ghala" haimtoshi mnunuzi wa FOB

Tangu Januari 2017 Kenya inawataka waagizaji wakate bima ya mizigo ya baharini kwa kampuni za ndani. Kwa hiyo wengi hununua kwa FOB (muuzaji anaufikisha mzigo ndani ya meli, mnunuzi analipia nauli) au CFR (muuzaji analipia na nauli ya meli, bila bima), wakijitafutia bima wenyewe. Wakiona maneno "ghala hadi ghala" kwenye hati ya bima, yaani bima inayoufuata mzigo toka ghala la kuanzia hadi la mwisho, huamini mzigo umelindwa tangu mlangoni mwa kiwanda. Si kweli, na wakala anayeuza hati hiyo bila kuuliza masharti ya mauziano anamkosea mteja wake.

Bima humfidia mwenye maslahi katika mali, yaani yule ambaye mali ikisalimika ananufaika na ikiharibika anaumia. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo sheria ya Kenya imeifuata, inataka maslahi hayo yawepo wakati hasara inapotokea, hata kama hayakuwepo siku bima ilipokatwa. Kwa FOB na CFR, hatari humhamia mnunuzi mzigo ukishakuwa ndani ya meli. Lori likipinduka kabla ya kufika bandari ya Karachi, hasara ni ya muuzaji. Mnunuzi aliyetanguliza malipo atamdai muuzaji huyo.

Kesi ya Anderson na Morice inaonyesha ukali wa kanuni hii. Shehena nzima ya mchele ilikuwa ikipakiwa kwenye meli Sunbeam huko Rangoon. Magunia 8,878 yalikuwa yameshapanda, mengine 400 yakingoja kwenye matishari (mashua za kupakilia) kando yake, meli ikazama palepale. Nahodha alisaini bili za shehena (hati za kukiri kupokea mzigo melini) baadaye, na mnunuzi akalipa bei. Bado akashindwa dhidi ya bima: upakiaji haukukamilika, hatari haikuwa yake, na kulipa baada ya hasara hakukumpa maslahi. Mwaka 1876 majaji wa Bunge la Mabwana la Uingereza waligawanyika nusu kwa nusu, hukumu ya mahakama ya chini dhidi ya mnunuzi ikabaki hivyo.

Kwa kontena pengo huwa pana zaidi, kwa sababu hukabidhiwa bandarini siku kadhaa kabla ya meli kutia nanga. Ndiyo maana Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauziano, zinaelekeza FCA (muuzaji anamkabidhi mchukuzi mzigo) kwa mizigo ya kontena: hatari huhama mchukuzi anapopokea mzigo, na bima ya mnunuzi huanza kufanya kazi hapo. Ningependa FOB ya kontena iachwe kabisa. Muuzaji aking'ang'ania, mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba amekatia bima safari ya kutoka kiwandani hadi melini.

CIF nayo, ambapo muuzaji analipia nauli na bima, isikulaze. Muuzaji analazimika kukata bima ya asilimia 110 ya bei, lakini kwa masharti C tu, kinga finyu kabisa ambayo hailipi wizi. Dai masharti A, yaliyo mapana zaidi, ndani ya mkataba.

Muuzaji wa kahawa au chai kwa FOB ana shida ya upande wa pili. Meli ikizama na mnunuzi akakataa kulipia hati, muuzaji ambaye hajalipwa hubaki na karatasi. Aulizie bima ya akiba ya muuzaji, inayolipa pale mnunuzi anapokwepa. Pia amtumie mnunuzi taarifa ya meli na tarehe ya kupakia mapema, maana sheria za uuzaji wa bidhaa zilizofuata ile ya Uingereza ya 1893 humrudishia hatari ya safari ya bahari asipompa mwenzake nafasi ya kukata bima.